Nyumba Yenye Kadi Kama Gari: Miezi Tisa ya Abilene

Januari 2021 nililala chali chini ya nyumba tupu ya kiwandani, ile tunayoiita trela, nje kidogo ya mji wa Abilene, Texas, tochi mkono wa kushoto na brashi ya waya mkono wa kulia. Nilikuwa nasugua kutu kwenye boriti ya chuma ya mbele, mahali ambapo kiwanda hugonga namba ya chesisi kwa herufi ambazo kimo chake hakifiki sentimita 1. Chini ya nyumba za aina hii pana nafasi ya mtu kutambaa tu, na siku ile upepo ulikuwa ukipenya kwenye mabati ya pembeni na kunimwagia vumbi machoni. Nilipaka chaki juu ya chuma ili namba ijitokeze, nikaisoma kwa sauti, na mwenzangu aliyechuchumaa nje akaiandika. Kisha tukazunguka nyuma ya nyumba kusoma vibati viwili vyekundu vya utambulisho (nyumba ilikuwa ya vipande viwili, na kila kipande kina chake), kila kimoja kama sentimita 5 kwa 10, vilivyopigiliwa kwa ribiti karibu futi moja juu ya usawa wa sakafu. Kibati cha kipande cha kwanza kililingana na kumbukumbu za serikali. Cha kipande cha pili hakikulingana: kwenye bati tarakimu mbili za mwisho zilikuwa 87, na kwenye kumbukumbu ziliandikwa 78.

Kwa ajili ya tarakimu hizo mbili, na kwa ajili ya jina la mkopeshaji ambaye kampuni yake ilikuwa imekwisha kufa miaka mingi nyuma, nyumba ile ilikaa bila mtu kwa miezi tisa. Ilikuwa imekwisha kupata mnunuzi, tena mnunuzi mwenye fedha mkononi, na mwenye nyumba wa zamani alikuwa amerudisha funguo kwa hiari yake bila ugomvi wala mahakama. Kilichokosekana ni karatasi yenye jina sahihi na namba sahihi. Nimefanya kazi ya kufuatilia karatasi hizo kwa miaka kadhaa katika ofisi moja ya Fort Worth, na kwa kuwa Waswahili wenzangu wengi wa Texas wananiuliza kuhusu nyumba zilizokamatwa kwa deni, nimeona nieleze kwa urefu yale ambayo kwa simu huwa nayakatisha.

Nyumba ninazozungumzia hujengwa kiwandani juu ya fremu ya chuma yenye ekseli na magurudumu, kisha huvutwa na lori hadi mahali zitakapokaa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 ndiyo iliyoamuru ziwekewe viwango, na viwango hivyo vilianza kutumika tarehe 15 Juni 1976. Tangu siku hiyo kila kipande kinachotoka kiwandani hubandikwa kile kibati chekundu cha wizara ya nyumba na maendeleo ya miji ya Marekani, ambayo hapa kila mtu huiita HUD. Wanasheria hutenganisha nyumba zilizojengwa kabla ya tarehe hiyo na zilizojengwa baada yake, na huzipa majina mawili tofauti. Sisi tunaoishi nazo tunaziita zote trela, hata ile yenye vyumba vinne, mabafu mawili na kibaraza.

Jambo ambalo mgeni hulichelewa ni kwamba trela huzaliwa ikiwa mali inayohamishika. Kwa lugha ya nyumbani Tanzania ningesema ina kadi kama gari, haina hati kama kiwanja. Mkenya angesema ina logibuku. Katika majimbo mengi ofisi inayotoa kadi hiyo ni ileile inayoshughulikia magari, na ndivyo ilivyo Florida. Ohio hutolewa na karani wa mahakama wa kaunti, California na idara ya nyumba ya jimbo. Texas ina kitengo maalumu cha nyumba za kiwandani, chini ya idara ya nyumba na masuala ya jamii huko Austin, na karatasi yake siku hizi inaitwa Taarifa ya Umiliki. Mwenye trela akiiweka juu ya ardhi yake anaweza kuomba ihesabiwe kuwa sehemu ya ardhi. Ombi likikubaliwa na nakala yake ikaandikishwa kwenye masijala ya ardhi ya kaunti, tangu hapo nyumba hufuata hati ya ardhi. Lakini lazima hatua zote zikamilike. Ukiishia katikati, una nyumba ambayo kwa macho imeota mizizi, ina msingi wa zege, bustani na kisima, na kwa kumbukumbu za Austin bado ni mali ya kuvutwa na lori.

Mikopo nayo imegawanyika vivyo hivyo. Ripoti ya 2021 ya ofisi ya shirikisho inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha ilionyesha kwamba karibu asilimia 42 ya mikopo ya kununulia nyumba hizi ilikuwa ya mali inayohamishika, yaani ardhi haimo kabisa kwenye dhamana. Mkopaji wa namna hiyo akishindwa kulipa, nyumba yake huchukuliwa kwa taratibu zinazofanana na za kukamata gari. Mkopo ukihusisha ardhi, Texas hufanya mnada kwenye jengo la mahakama ya kaunti, Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, baada ya notisi ya angalau siku 21. Njia mbili, ofisi mbili, masijala mbili. Anayekosea njia hujikuta ameuza kitu kimoja na kubakiwa na kingine.

Nimeliona hilo likitokea. Mkopeshaji mmoja alinadi ekari mbili zenye trela juu yake, akaamini kwamba nyumba imo kwenye ardhi kwa sababu hati yake ya rehani ilitaja "ardhi na vyote vilivyomo". Tulipotafuta Austin, nyumba ilikuwa bado imeandikwa kuwa mali inayohamishika, kwa jina la shemeji wa mkopaji, na juu yake palikuwa na mkopo wa mtu wa tatu. Aliyenunua mnadani alipata ardhi yenye nyumba ya mtu mwingine imesimama katikati yake. Kampuni za bima ya hati, yaani bima ya kumlinda mnunuzi hati ikiwa na kasoro, zinaijua hatari hii vizuri, ndiyo maana zina kifungu maalumu cha nyongeza kwa ajili ya nyumba za kiwandani. Pasipo kifungu hicho bima inalinda ardhi peke yake. Mnunuzi wa kawaida hajui hata kuuliza kama kifungu hicho kipo.

Nirudi Abilene. Nyumba ilitengenezwa mwaka 1998, ya vipande viwili vinavyounganishwa katikati, na ilikaa kwenye kiwanja cha kukodi ndani ya paki ya trela. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo aliyefiwa na mumewe. Alijitahidi kulipa kwa miaka miwili baada ya msiba, akachoka, na Septemba 2020 akaandika barua ya kurudisha nyumba kwa mkopeshaji. Aliiacha safi. Nakumbuka kwenye picha za ukaguzi jiko limepanguswa na mapazia yamekunjwa juu ya kaunta, kama mtu anayemwachia mgeni chumba.

Oktoba akapatikana mnunuzi: familia ya Wakongo kutoka Kivu ya Kusini, waliokaa miaka mingi kwenye kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kuletwa Abilene, mji ambao umepokea Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi. Baba anafanya kazi kiwandani zamu ya usiku, mama anasafisha vyumba hotelini, na walikuwa wamekusanya fedha kwa nidhamu ambayo mimi mwenyewe sina. Walilipa arabuni. Mkataba ulisema mauziano yatakamilika hati ikishakuwa safi, na ofisini kwetu mtu aliandika pembeni kwa penseli: wiki sita.

Mama huyo ndiye aliyekuwa akinipigia simu, kwa kuwa aliambiwa ofisini kuna dada anayesema Kiswahili.

"Dada, ile karatasi ilishafika?"

"Bado, mama. Wameirudisha, kuna jina halijakaa sawa."

"Jina la nani? Sisi majina yetu tuliandika vizuri."

"Si lenu, mama. La mkopeshaji wa zamani."

Kimya. Kisha akauliza swali ambalo hadi leo sijalipatia jibu fupi: "Sasa mtu wa zamani anatuhusu nini sisi?"

Anahusu kwa njia hii. Mkopo wa awali ulitolewa na kampuni iliyokuja kufilisika. Mikopo yake ikauzwa kwa mafungu, maelfu kwa pamoja, kwa kampuni ya pili, na baadaye kampuni ya pili ikauza fungu lake kwa mkopeshaji tuliyekuwa tukimfanyia kazi. Kila mara deni lilihama, faili za malipo zilihama, hata simu za kudai zilihama, lakini hakuna aliyepeleka Austin taarifa kwamba mwenye dai juu ya nyumba amebadilika. Serikali ikawa inamtambua yule wa kwanza. Mkopeshaji wetu angeweza kuishika nyumba, na angeweza hata kuandika mkataba wa kuiuza, lakini hakuweza kumpa mnunuzi jina, kwa sababu fomu ya kukamata au kufuta dai hutakiwa isainiwe na yule aliyeandikwa kwenye kumbukumbu au na mtu anayeweza kuthibitisha, hatua kwa hatua, kwamba amerithi haki zake. Utamtafutaje afisa wa kusaini katika kampuni isiyo na ofisi wala simu?

Hili si tatizo la nyumba moja, na chanzo chake kinajulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakopeshaji wa trela walitoa mikopo kwa pupa. Mwaka 1998 peke yake viwanda vya Marekani vilipeleka sokoni nyumba zaidi ya 370,000, idadi ambayo haijafikiwa tena tangu hapo. Green Tree, aliyekuwa mkopeshaji mkubwa kuliko wote katika biashara hiyo, alinunuliwa na Conseco mwaka huohuo wa 1998. Conseco akaomba ulinzi wa mufilisi Desemba 2002. Jina la Green Tree likarudi, likawa Ditech mwaka 2015, na Ditech naye akaomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2019. Oakwood Homes, aliyetengeneza, kuuza na kukopesha, alifilisika mwaka 2002. Sisemi kwamba mkopo wa Abilene ulitoka kwa yeyote kati ya hao. Ninachotaka msomaji aone ni njia ndefu ambayo deni moja la trela linaweza kuipita, likibadilishiwa jina mara tatu au nne, wakati mwenye nyumba anaendelea kupeleka malipo yake kila mwezi bila kujua kwamba karatasi ya nyumba yake imebaki nyuma.

Kabla ya mwaka 2003 Texas ilikuwa ikitoa hati ya karatasi yenye thamani kama kadi ya gari. Tangu mwaka huo kumbukumbu ya kompyuta iliyoko Austin ndiyo yenye nguvu, na karatasi aliyonayo mtu ni nakala tu. Mabadiliko hayo yameondoa balaa moja kubwa, lile la hati kuungua, kuliwa na panya au kufichwa na mume aliyeondoka. Mtu yeyote anaweza kutafuta kumbukumbu hizo kwenye intaneti bila malipo kwa kutumia namba ya kibati au ya chesisi. Lakini makosa yaliyoandikwa zamani yaliingizwa kwenye kompyuta kama yalivyo, na zile tarakimu 78 zilikuwa mojawapo.

Majimbo mengine yana mitego yake. Florida hutoa hati moja kwa kila kipande, kwa hiyo nyumba ya vipande viwili ina hati mbili, namba ya chesisi moja ikiishia A na nyingine B, na nimesikia kwa wenzetu wa huko habari za mkopeshaji aliyeshika hati ya nusu nyumba. Kuna nyumba ambazo muuzaji wake alifunga duka kabla ya kupeleka cheti cha asili cha kiwanda, kwa hiyo hazijawahi kupata hati kabisa. Kuna nyumba ambazo kibati chekundu kilifunikwa na fundi aliyepiga ukuta mpya wa plastiki juu yake, au kiling'olewa. HUD haitoi kibati kingine badala ya kilichopotea. Hutolewa barua ya kuthibitisha kwamba kibati kiliwahi kuwepo, na barua hiyo huhitaji taarifa za kiwanda, ambazo mara nyingi zimeandikwa kwenye karatasi iliyogundishwa ndani ya kabati la jikoni, kwenye sanduku la umeme au ndani ya kabati la nguo. Nimewahi kuikuta karatasi hiyo imepakwa rangi ya maji nyeupe mara tatu, na nikakaa saa nzima nikiikwangua kwa ukucha nikiogopa kuiharibu.

Kifo cha mkopaji huleta hali yake peke yake. Yule mjane aliyerudisha nyumba alikuwa ameandikwa pamoja na mumewe, na mume alikuwa amefariki bila mirathi kufunguliwa. Barua ya kurudisha nyumba ilisainiwa na mjane pekee. Ofisi ikataka cheti cha kifo na tamko la warithi, na mmoja wa watoto alikuwa mbali jeshini. Alisaini mara moja, bila masharti, lakini karatasi ilichukua wiki tatu kwenda na kurudi. Naongeza na kodi: Texas dai la kodi ya mali huishika nyumba kila tarehe 1 Januari, kwa hiyo mauziano yakichelewa kutoka Desemba hadi Januari huzaa kodi ya mwaka mwingine, na Austin haiandiki jina jipya mpaka mtoza kodi wa kaunti athibitishe kwamba hakuna deni. Mkopaji akiwa pia na deni la kodi ya mapato ambalo serikali kuu imeliandikisha, mamlaka ya kodi ya shirikisho hutakiwa kupewa notisi ya angalau siku 25 kabla ya kuuza. Hayo yote ni halali na kila moja lina sababu yake. Yanapokutana kwenye nyumba moja iliyoachwa tupu, hakuna ofisi hata moja inayojiona kuwa inachelewesha.

Nasi tulichelewesha. Maombi ya kwanza tuliyapeleka Novemba, na ni mimi niliyejaza namba kwa kunakili kumbukumbu ya kompyuta bila kuagiza mtu akasome bati. Niliamini kwamba kumbukumbu za serikali haziwezi kutofautiana na chuma. Ombi lilirudishwa Januari kwa sababu ya jina la mkopeshaji, na mkaguzi mmoja makini akaandika pembeni kwamba taarifa za kipande cha pili hazilingani na za kiwanda. Kama ningetuma mtu Oktoba, kosa la namba lingesahihishwa sambamba na kutafuta nyaraka za kampuni zilizokufa. Nilienda mwenyewe, kilomita karibu 240 kutoka Fort Worth, kwa kuwa sikutaka kumtuma mtu mwingine chini ya nyumba kwa kosa langu.

Mwezi uliofuata ikaja ile baridi. Katikati ya Februari 2021 Texas ilipata dhoruba ya barafu, mitambo ya umeme ikashindwa, na mamilioni ya watu wakakaa gizani. Abilene mji mzima ulikatikiwa maji kwa sababu mitambo ya kusafisha maji haikuwa na umeme. Nyumba yetu haikuwa na mtu wa kuacha bomba likidondoka, wala wa kufunga valvu, wala wa kuwasha jiko. Mabomba yaliganda yakapasuka, na maji yaliporudi yakamwagika ndani kwa siku zisizojulikana. Sakafu za nyumba hizi nyingi ni mbao za chembechembe zilizogandamizwa. Zikilowa huvimba kama mkate kwenye chai. Nilipofika Machi, mlango wa chumba cha watoto haukufunguka. Kwenye jiko lililopanguswa na yule mjane, kuvu ilikuwa imepanda ukutani hadi usawa wa kiuno changu.

Nyaraka za kampuni zilizokufa zilipatikana Aprili: cheti cha muungano kutoka kwa katibu wa jimbo jingine, mkataba wa kuuza fungu la mikopo wenye orodha ya kurasa mamia, na ndani ya orodha hiyo mstari mmoja wenye namba ya mkopo wetu. Mei marekebisho ya kibati yakakubaliwa. Juni Taarifa ya Umiliki ikatoka safi, ikiwa na jina la mkopeshaji anayetambulika, bila dai lingine lolote, kwa nyumba ambayo haikufaa tena kuishi mtu. Ikauzwa kwa mfanyabiashara wa nyumba chakavu kwa sehemu ndogo ya bei ya Oktoba.

Sasa naomba msomaji aangalie hesabu ilivyoangukia watu. Sheria ya biashara inayotumika majimboni inamtaka mkopeshaji auze mali aliyoikamata kwa njia inayokubalika kibiashara; fedha zinazopatikana hutolewa kwanza gharama, kisha hupunguza deni, na salio likibaki linaweza kudaiwa kwa mkopaji. Kwenye gharama hizo ziliingizwa kodi ya kiwanja ya paki kwa miezi tisa, kodi ya mali ya mwaka mpya, ada za nyaraka na ukaguzi. Bei ilishuka kwa ajili ya maji. Kwa hiyo yule mjane, aliyerudisha funguo mapema ili asizidishe deni, aliletewa barua ya salio kubwa kuliko lile ambalo angebakiwa nalo kama nyumba ingeuzwa Oktoba. Nililiona jina lake kwenye barua hiyo kabla haijatiwa kwenye bahasha. Nilimwandikia meneja wetu waraka wa kurasa mbili kupinga, nikaonyesha tarehe moja baada ya nyingine, na sehemu ya gharama ikaondolewa. Si zote.

Msimamo wangu tangu siku hiyo haujabadilika. Mkopeshaji anayenunua fungu la mikopo ana siku nyingi za kukagua kabla ya kulipa, na ana wanasheria. Akikubali kuupokea mkopo bila kuandikisha jina lake Austin, na bila kulinganisha namba ya kibati na kumbukumbu, basi miezi inayopotea baadaye ni yake, na sioni haki ya kuiingiza kwenye hesabu ya mtu ambaye hakuwahi kuona nyaraka hizo. Kulinganisha namba huchukua nusu saa. Kuandikisha uhamisho wa dai ni fomu na ada ndogo. Mambo hayo yakifanywa siku mkopo unapohama, nyumba ikija kukamatwa inaweza kuuzwa ndani ya wiki chache, ikiwa bado kavu.

Kwetu sisi Waswahili kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi zaidi. Tumezoea karatasi ya mauziano: muuzaji, mnunuzi, mashahidi wawili, tarehe, sahihi, na huko nyumbani muhuri wa serikali ya mtaa. Nimeshakutana na familia tatu zilizonunua trela Texas kwa namna hiyo, mezani jikoni, fedha taslimu, tena kwa watu wa kanisa lao au msikiti wao. Muuzaji hakuwa mwongo. Yeye mwenyewe alinunua hivyohivyo kwa mwingine, na yule kwa mwingine. Jina la Austin likabaki la mtu wa kwanza, na dai la mkopeshaji wa kwanza likabaki palepale. Siku mkopeshaji anapokuja na amri ya mahakama, aliyelipa fedha zote anaambiwa kwamba anaishi kwenye nyumba ya mtu, na mashahidi wake wawili hawamsaidii kitu. Na nyumba ikiachwa tupu kwenye kiwanja cha mtu, sheria ya Texas humpa mwenye kiwanja njia ya kuitangaza kuwa imetelekezwa: baada ya miezi minne ya kukaa bila mtu na deni likiwa limechelewa, akipeleka notisi, siku 45 zikipita madai ya juu yake hufutika. Notisi hizo hupelekwa kwa majina yaliyoko kwenye kumbukumbu. Asiyeandikishwa haletewi barua.

Familia ya Kivu ilirudishiwa arabuni yote Machi. Nilitegemea kwamba wangeapa kutogusa trela tena. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, mama akanipigia: wamepata nyingine, ya vipande viwili pia, mtaa wa pili kutoka pale, nayo imechukuliwa kwa deni. Hakuniuliza bei kama ni nzuri. Aliniuliza jinsi ya kutafuta kumbukumbu kwa namba, nikamwelekeza kwa simu, na kijana wake wa sekondari akafungua kompyuta.

Jumamosi nilikuwa Abilene kwa kazi nyingine, nikapita. Kijana alikuwa tayari chini ya nyumba, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, amevaa kitenge cha kazi, na mapajani alishika karatasi iliyochapishwa kutoka Austin pamoja na kalamu nyekundu. Dalali wa mkopeshaji alikuwa amesimama pembeni akiangalia saa.

"Soma," mama alisema.

Sauti ikatoka chini, ikitaja herufi moja moja, kisha tarakimu. Mama akaweka alama kwenye kila moja kwa kalamu. Walipofika mwisho akamwambia arudie kuanzia mwanzo, taratibu, na akageuka kwangu.

"Hiyo ni ya A," akasema. "Bado B, na vibati."